Miaka minane: barua ya wazi kutoka Makambako

Kwenu Waheshimiwa: Waziri wa Afya, wabunge wa Nyanda za Juu Kusini, na Wakuu wa Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya.

YAH: KUREFUSHA MAISHA YA BINADAMU

Kamwene. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva mstaafu wa malori, mkazi wa Makambako, umri miaka 61. Sijaandika kulalamikia bei ya mbolea, ingawa kwenye mbolea nina yangu. Naandika kwa sababu ya mazungumzo yaliyozuka nyumbani kwangu wakati wa chakula cha usiku, nikaona yanawahusu ninyi kuliko sisi tuliokuwa tunakula.

Binti yangu anasoma mambo ya maabara Mbeya. Alikuja likizo akatusimulia kwamba huko Marekani na Ulaya kuna wanasayansi wanaotafuta namna ya kuuzuia uzee wenyewe, binadamu aishi miaka 120, 150, wengine wanataja zaidi. Shemeji yangu alicheka hadi akapaliwa. Mama yangu mzazi, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, akasema Zaburi imeshalimaliza neno hilo: miaka sabini, mwenye nguvu themanini, na yeye ana 83, kwa hiyo yuko kwenye bakshishi. Kisha wote wakanigeukia mimi. Sikuwa na la kusema haraka, maana katika nyumba ile aliyekwisha kurefushiwa maisha ni mimi.

Mwaka 2004 nilikuwa na kilo 41. Nilikuwa nimeendesha njia ya Dar es Salaam hadi Lusaka miaka kumi na tatu, na kila anayeijua barabara ile anajua ilitupa nini pamoja na posho. Mtaani walishasema nimekanyaga waya, yaani nimepata VVU. Kaka yangu alinunua mbao za paina, moja kwa nane, akaziegemeza nyuma ya nyumba na kuzifunika turubai nisizione. Siku moja akaingia chumbani na futi mfukoni, akaniambia ninyooshe miguu damu itembee. Nikanyoosha. Akanitazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, akatoka, na huko nje nikasikia futi ikijirudisha ndani kwa ule mlio wake, traa. Nilijua ninapimiwa nini.

Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwishoni mwa mwaka huo huo. Mimi zilinifikia Machi 2005. Krismasi ilinikuta na kilo 60, na mbao bado ziko nyuma ya nyumba. Hakuna aliyethubutu kuziuza, na mama alikataa katakata zisitiwe jikoni. Mwishowe nilizipiga randa mwenyewe nikatengeneza mlango wa banda la kuku. Upo mpaka leo, ila bawaba nimebadilisha mara tatu.

Zamani dawa hizi tuliziita dawa za kurefusha maisha. Siku hizi nesi anasema dawa za kufubaza makali ya virusi, na binti yangu ananiambia hilo ndilo sahihi. Mimi nimebaki na lile la kwanza. Watu wa ng'ambo wanabishana kama ni halali binadamu kurefushiwa maisha, wakati kwetu lilishafanyika, tena kwa watu ambao wengi wao lebo ya kopo walisomewa na wajukuu. Sensa ya 2002 ilikadiria kuwa Mtanzania anayezaliwa ataishi miaka 51. Ile ya 2012 ikakuta imepita 60. Kwa miaka kumi tuliongezewa kama miaka kumi; maana yake kila mwaka uliopita, kaburi lilisogea mbele mwaka mmoja. Hakuna bilionea aliyewahi kununua kitu cha namna hiyo. Na mnaposoma kwamba Njombe inaongoza nchini kwa maambukizi, asilimia 14.8 kwenye utafiti wa 2011/12 na 12.7 kwenye ule wa 2022/23, mkumbuke kwamba sehemu ya hesabu hiyo ni sisi ambao hatukufa.

Sasa nije kwenye kilichonitoa usingizini.

Mama wa watoto wangu wawili wa kwanza alifariki Agosti 2002. Baada ya kupona ndipo nilipokuja kujua kwamba mchanganyiko wa dawa tatu ulishathibitika kufanya kazi tangu 1996. Yaani miaka sita kabla ya kifo chake, kwa wenye nazo, wagonjwa walikuwa wanainuka vitandani na kurudi kazini. Bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba inaweza kuyauzia mashirika ya misaada kwa dola 350. Hapo kati, kutoka 350 hadi 10,000, hakuna kirusi. Kuna hataza, yaani haki ya kampuni moja kutengeneza dawa peke yake, kuna faida, na kuna watu waliokuwa wanafikiri.

Mmoja wa waliokuwa wanafikiri alikuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Bwana Andrew Natsios. Mwaka 2001 alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawaijui saa, kwa hiyo kuwapa dawa za kumeza kwa muda maalumu itakuwa shida. Mimi nilikuwa nameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ya usiku niliimeza redio ikianza taarifa ya habari, na sijawahi kusikia taarifa ya habari ikichelewa. Lakini tuyaache hayo.

Kutoka 1996 hadi 2004 ni miaka minane. Hapa Makambako miaka hiyo tuliihesabu kwa matanga. Kuna wiki tulikuwa tukizika asubuhi, tukahamia msiba mwingine mchana, makoleo hayarudi nyumbani.

Ndiyo maana swali la kama binadamu atafute maisha marefu kupita kiasi halinipi tabu. Atatafuta, tutake tusitake. Binti yangu alinichorea kwenye daftari. Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani, Cynthia Kenyon, na wenzake walionyesha kwamba mnyoo wa urefu wa milimita moja, jeni lake moja likibadilika, anaishi mara mbili ya wenzake. Mwaka 2009 panya waliokwisha kuzeeka, sawa na mtu wa miaka 60, walipewa dawa iitwayo rapamaisini wakaishi kupita wenzao. Google walianzisha kampuni ya kuchunguza uzee, Calico, mwaka 2013. Mwaka 2022 ikaja nyingine, Altos Labs, iliyoanza na dola bilioni 3. Kwa binadamu bado hakuna kidonge kilichothibitika kumrefushia maisha mtu asiyeumwa. Aliyeishi kuliko wote kwa kumbukumbu zilizohakikiwa, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifariki 1997 akiwa na miaka 122, na sigara alivuta hadi uzeeni kabisa. Lakini pesa ya namna ile haitolewi kwa mchezo. Siku kitu kitapatikana, foleni itapangwa, na mimi najua foleni zinavyopangwa.

Hiyo rapamaisini ilipatikana kwenye udongo. Mwaka 1964 wataalamu walikwenda Kisiwa cha Pasaka, katikati ya bahari ya Pasifiki, wakachota udongo, na ndani yake kukakutwa bakteria anayeitengeneza. Wenyeji wa kisiwa hawakuwekewa hata fungu. Nalisema hili kwa sababu na sisi tumeshachotwa, ingawa kwa heri. Mbeya kuna kituo cha utafiti wa tiba, na vijana wetu walitoa mikono yao ichomwe chanjo za majaribio ya VVU. Damu ya Nyanda za Juu imekwenda mbali. Kama kesho watakuja kuuliza kwa nini mabibi fulani wa Mufindi au Rungwe wanafika miaka 95 wakiwa wanalima, mkataba uandikwe kabla sindano haijafunguliwa: kitakachopatikana kitarudi kwetu kwa bei gani, na lini. Hiyo "lini" iandikwe kwa tarakimu.

Kisha kuna metfomini. Hicho ndicho kidonge cha sukari anachomeza mama yangu. Nikaambiwa kuna watafiti Marekani wanaotaka kukijaribu kwa wazee wasio na kisukari kabisa, waone kama kinachelewesha maradhi ya uzeeni. Nilikwenda kukitazama upya. Mama anakiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na cha presha. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto limeanza, kwa hiyo anavitambua kwa vidole: kirefu cha sukari, kiduara cha presha. Mwezi wa pili zahanati haikuwa na kirefu. Tukanunua dukani, wakatupa cha kampuni nyingine, nacho ni kiduara. Hakuna aliyefikiri kumwambia. Siku nne alikuwa anabahatisha, viduara vyote vimekuwa ndugu, mpaka tukamkuta ameegemea ukuta wa jiko, kijiko cha mboga kimemwagikia kangani, anauliza kama ni asubuhi. Kosa ni langu, maana macho ninayo. Ila kidonge hicho hicho, huko kwingine, kinapangiwa kuchelewesha uzee wa watu wazima wa afya.

Msinielewe vibaya. Wapo watakaosema tusizungumzie miaka 150 mpaka kwanza mtoto wa jicho aishe vijijini. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini naifahamu. Ndiyo iliyotumika zamani: Waafrika wapewe maji safi kwanza, dawa ghali baadaye. Tukangoja maji na dawa, tukakosa vyote. Mimi nasema tuvidai pamoja.

Watu wananiuliza miaka hii ishirini nimeifanyia nini. Nimepanda miti. Mwaka 2008 nilipanda paina ekari mbili na nusu, na jirani yangu mmoja, sasa ni marehemu, alicheka waziwazi: mtu wa dawa anapanda kitu cha kungoja miaka kumi na tano. Ninyi mnaotembelea Njombe na Mufindi mmeona jinsi wengi wanavyokata. Paina ya miaka minane, mbao laini kama muhogo, mnunuzi anatoa bei ya kuni na mwenye shamba anachukua. Maofisa misitu husema ni tamaa au elimu ndogo. Nadhani hawakuishi hapa miaka ile. Mtu aliyezika ndugu wanne hana sababu ya kungoja mti unenepe. Anavuna akiwa bado ana mikono. Mimi niliamini nesi aliponiambia nitaishi, nikangoja, na mwaka 2023 nikauza magogo kwa bei ambayo kaka yangu, yule wa futi, aliniomba niirudie. Ada ya huyu binti anayenifundisha habari za minyoo inatoka kwenye magogo hayo. Kwa hiyo maisha marefu yakija kwa uhakika yatabadilisha hata mashamba yetu.

Si kwamba ni asali tupu. Dawa za kwanza zilinichoma nyayo kama natembea juu ya makaa, zikanimaliza mashavu hadi picha ya leseni yangu polisi wa barabarani wakaitilia shaka. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku na nyayo zimetulia kiasi. Imebaki presha, na wanasema sisi wa dawa moyo hutusumbua mapema kuliko wengine. Kliniki ya dawa naenda Jumatano. Ya presha Ijumaa, dirisha jingine, kadi nyingine, jengo lile lile. Huyo wa Jumatano haoni faili la Ijumaa. Nimeongezewa miaka, lakini siku mbili za kila safari ya kliniki narudisha benchi.

Mke wangu wa sasa ni Mnyakyusa wa Tukuyu, tulikutana kliniki. Baba yake, Mungu amrehemu, alinisimulia ubusoka. Zamani huko kwao, mara moja kwa kila kizazi, wazee waliwakabidhi watoto wao utawala na kuwapisha kwenye ardhi, kwa sherehe kubwa. Chifu mzee hakutarajiwa kukaa muda mrefu baada ya hapo. Alilisema hilo la mwisho akicheka kidogo, akanitazama kama nimelielewa. Nililielewa. Rungwe shamba ni finyu, migomba imebanana na mlango wa jirani. Babu akiishi miaka 150, mjukuu atarithi lini? Na hiyo ni migomba tu. Tukianza kuzungumzia viti, naomba tusitajane majina, kila mmoja wenu anajua kiti chake amekikalia tangu lini.

Bado, sikubali kwamba dawa ya viti ni kufa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alitoka Ikulu 1995, akaishi miaka 28 mingine akitembea na kuhudhuria misiba ya watu, akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Alipisha, na hakuna aliyeona ameishi kupita kiasi. Tatizo la baba mkwe lina jibu ambalo halihitaji jeneza: mipaka ya muda kazini, na namna ya kumpa kijana ardhi babu akiwa hai. Hayo yako kwenye uwezo wa kalamu zenu.

Kuna jingine ambalo ni gumu kuliandika. Baada ya mke wangu kufa, na wadogo zangu wawili kumfuata, mama alibaki mzima, analima bila shida, macho mekundu kwa moshi. Yakaanza maneno. Kwamba bibi yule amekula miaka ya wanawe. Hakuna aliyekuja mlangoni, lakini kwa miezi kadhaa kisimani walimpisha kwa heshima ambayo haikuwa heshima. Nchi hii imeua vikongwe kwa macho mekundu, wakiitwa wachawi. Kwa hiyo kabla hamjaagiza watu waishi miaka mia, muwe mmeshajua mtamlinda vipi mwenye mia yake miongoni mwa wenye ishirini wasio na kazi. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna. Mama angekuwa na elfu ishirini yake kila mwezi, kisimani wangemwita tofauti, ndivyo tulivyo.

Na wauzaji. Mwaka 2011 tulisafiri kwa makundi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Ninao wawili ninaowajua walioacha dawa baada ya kikombe, na wote nimebeba jeneza lao. Leo pale stendi ya Makambako anapanda kijana na begi, basi likiwa limesimama, anatangaza unga unaorudisha ujana, unaosafisha mishipa, unaoongeza miaka. Elfu kumi, ukinunua viwili elfu kumi na tano. Kadiri habari za Marekani zinavyosambaa kwenye simu ndivyo begi lake litakavyokuwa zito. Wenye mamlaka ya dawa waje wapande basi, wasingoje kualikwa.

Pale Idofi, jirani kabisa na kwangu, Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha glovu. Nilifurahi kama mtoto. Lakini glovu huvaa anayehudumia. Kidonge ndicho anachomeza anayeumwa. Binti yangu aliniambia jambo ambalo sikulijua: nchi zilizo kwenye kundi la zenye maendeleo duni zaidi, nasi tumo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutobanwa na hataza za dawa mpaka Januari 2033. Uhuru wa namna hiyo, wa kutobanwa na hataza, ndio uliowawezesha Wahindi kuifanya dola 10,000 kuwa 350. Ruhusa yetu ina tarehe ya mwisho, na imebaki miaka ya kuhesabika kwa vidole. Naomba mmoja wenu asimame Bungeni aulize tunaitumiaje, kiwanda gani, vidonge gani, vya lini. Tukianza na metfomini ya mama, ambayo haina hata hataza, nitaelewa kwamba mmeamka.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, nilimwaga kopo langu kitandani nikahesabu. Mke wangu akamwaga lake. Hatukuzungumza. Tulivipanga kumi kumi kama wauza nyanya, tukajumlisha vyetu vyote pamoja, tukagawanya kwa mbili. Miaka yangu ishirini yote ilikuwa pale juu ya shuka, na kumbe ilikuwa ya kukopa, na mkopeshaji yuko Washington. Vidonge havikukatika kwetu. Lakini tangu siku hiyo sihesabu umri wangu kwa miaka.

Kadi yangu inasema nirudi kliniki Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu. Mwenye jibu la mdomo atanikuta benchi la pili kutoka mlangoni, kofia ya sufu ya bluu. Mwenye jibu la maandishi alete kwa mtendaji wa kata, atanifikishia, ananidai mayai.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Dereva mstaafu, Makambako.